Mistari Miwili ya Simfoni

Asubuhi ile, Bukavu, ziwa lilikuwa limetulia nami nilikuwa nanakili simfoni. Ilikuwa ya mtunzi wa Kipolandi, kwenye kaseti niliyoachiwa na padri mmoja Mbelgiji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Muziki nilijifundisha mwenyewe, kwa hiyo niliogopa kukosea zaidi kuliko waliofundishwa. Mdogo wangu Furaha alirudisha kaseti nyuma. Mimi niliandika besi kwa do, re, mi.

"Yaya, huyu muzungu anapiga ao analala?" Furaha aliniuliza mimi mkubwa wake.

"Rudisha tena."

Muziki ulianza chini sana, polepole, kama ukungu unaopanda kutoka majini. Kwa muda sikuweza kutofautisha besi na mizinga iliyoanza kunguruma nyuma ya vilima.

Maman aliita kutoka uani. Majirani walikuwa wameshaondoka.

"Bon, tutoke."

"Ngojea, maman. Natafuta diplome yangu."

Nilidanganya. Ilibaki mistari miwili. Furaha alinitazama, akabonyeza kitufe. Niliimaliza. Hata nilifuta noti moja iliyonitia shaka, nikaandika nyingine.

Barabarani tulikuwa wa mwisho.

Risasi zilitoka juu, kwenye miti.

Tulilala chini watatu. Tukainuka wawili.

Miaka miwili baadaye tuliishi Laeken, nchini kwa yule padri Mbelgiji. Maman alihudumia wagonjwa mtaa wa jirani, Jette. Asubuhi ile hatukuitaja kamwe. Nilipoona tangazo la simfoni ileile, nilinunua tikiti mbili za Jumapili alasiri, yangu na ya maman. Nilitaka kumwambia ukweli baada ya muziki. Niliandika maneno yangu mara kumi na moja, nikichana kila karatasi yenye kosa.

Besi zilipoanza, ukumbi ulilegea, taa zikawa kama maji. Nilimwona Furaha, kidole kikiwa juu ya kitufe, ananisubiri. Sikutaka asogee. Kisha nikasikia wazi: noti niliyoifuta ndiyo iliyokuwa sahihi.

Kwenye kituo cha tramu nilisahau yote niliyoyaandika.

"Maman, siku ile sikukuwa natafuta diplome."

"Najua. Diplome nilikuwa nayo miye. Nilikuwa nimeifunga ndani ya kikwembe, kiunoni. Na kaseti nilikuwa naisikia."

"Alors, juu ya nini haukusema?" Nilitaka kujua sababu.

Alitazama reli.

"Niseme nini? Nilibakia na mutoto mumoja. Nikimufukuza kwa maneno, nibakie na nani?"

Ningeweza kusema kwamba vita ndivyo vilivyomuua Furaha, na ni kweli. Lakini dakika zile zilikuwa zangu, na tangu Jumapili hiyo najua kwamba maman amezibeba pamoja nami, kimya, kila alipokwenda kazini na kurudi.

Tramu ilifika. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Alikaa dirishani, akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pili ili nikae.