Mikono ya Émilie na mgongo wa Augustin

"Mimi siko na upele! Dawa ya watoto sitapakwa!"

"Papa Merdi, hata sasa uko unajikuna."

"Niko napangusa vumbi."

Vumbi gani? Tangu asubuhi ndugu yangu Augustin, huyo Papa Merdi, alikuwa anasugua mgongo kwenye nguzo ya mlango, mpaka nyumba ilianza kuegemea upande wa mto. Nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, namjua: akidanganya, masikio yake yanasimama. Mbele yake alisimama mke wake, Émilie, na chupa ya dawa nyeupe kama maziwa. Alibadilisha mguu, akahamisha chupa mkono huu na ule, akachungulia njia. Katikati ya vidole vyake vipele vilikuwa vimejaa.

Mikono hiyo muijue. Lubunga yote inakula kwanga ya Émilie. Alitoka Opala na ungo mmoja tu, na watoto wake wote wamesoma kwa mikono ile. Anakanda muhogo mpaka unalainika kama shavu la mtoto mchanga, ndipo anaufunga ndani ya majani. Ukiweka kwanga yake mbele ya pirogue, mtumbwi wetu wa mto, pirogue inajipeleka yenyewe. Nimeona kwa macho yangu, na anayebisha aulize samaki.

Sasa Karima, anayevusha kwanga zake mpaka soko la ng'ambo, aliona vile vipele akatua kikapu chini. "Mama, kwanga iko muzuri. Lakini watu wananunua kwa macho. Jumamosi nitarudi. Nikikuta bado hujajitunza, nitachukua kwa mwingine."

Na siku hii ya chupa ndiyo Jumamosi yenyewe.

Upele ulitoka kwenye matanga ya jirani yetu Papa Zacharie. Mfiwa haachwi peke yake, donc tulilala chini juu ya mikeka, sisi na majirani, na Karima pia, mgongo kwa mgongo. Watu walirudi na huzuni. Sisi tulirudi na huzuni na wageni.

Augustin alisema ni uchawi wa wakwe wa marehemu. Émilie akapaka pomade ya kung'arisha ngozi, aliyopewa sokoni. Muwasho ukalala kidogo, halafu ukaamka na jamaa zake wote. Ndipo akaenda kwa Déborah, mwuguzi wa kituo cha afya. Déborah alitazama vidole, viganja, kiuno, akauliza: "Usiku inazidi? Na nyumbani nani mwingine anajikuna?"

Kumbe si uchawi, wala si uchafu. Ni mdudu mdogo anayechimba nyumba chini ya ngozi. Doa la mviringo lenye magamba pembeni ni kitu kingine, na dawa yake ni nyingine. Usipake pomade moja kwa kila kitu. Huyu mdudu, alisema, anafukuzwa siku moja nyumba nzima, hata kwa yule asiyejikuna: kutoka shingoni mpaka nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha. Mashuka na nguo, maji ya moto na jua. Muwasho unaweza kubaki majuma kadhaa hata mdudu akiwa amekufa. Usirudie kupaka kila siku kama chumvi kwenye samaki.

Tulipaka wote. Augustin peke yake hakupakwa; alikuwa ameenda kuvua. Émilie akapona, akalala karibu na mume wake, na wageni wakarudi.

"Leo Karima anakuja," Émilie alisema. "Nitamwambia nini? Kwamba nyumba yote imepakwa, ama kwamba mume wangu anaogopa chupa?"

Watoto walikuwa wamepakwa tena asubuhi hiyo, wanatembea mikono wazi kama ndege waliolowa. Mashuka yalikuwa juani. Nikaona ni zamu yangu.

"Augustin, unamkumbuka babu yetu? Alikataa dawa hivi hivi. Siku moja akajikuna kwenye pirogue kwa nguvu mpaka ikapanda mto, kutoka Yanonge mpaka hapa, bila kasia! Alipofika, pirogue nzima, ubao na misumari, ilikuwa na upele."

"Yaya," alisema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "unadanganya."

"Gusa ile pirogue ya zamani pale nyuma. Iko inawasha mpaka leo."

Alicheka. Mwanaume akicheka, mikono inasahau kushika shati. Émilie alimvua, akaanza shingoni.

"Oyo! Inachoma! Mama Merdi, polepole!"

"Geuka. Na kiuno."

"Mbele ya dada yangu?"

"Nilikuogesha," nikamwambia. "Hakuna kipya huko."

Alikuwa mweupe kuanzia shingoni mpaka magotini, anarukaruka kama mahindi kwenye sufuria, kivuli kilipoingia mlangoni. Karima. Émilie akaficha mikono nyuma. Karima alimtazama Augustin, akatazama watoto, mashuka, chupa.

"Mama Karima," Émilie alianza, "nilitaka tu kukwambia..."

Karima alitua kikapu chini polepole, akasugua kiganja chake kwenye ukingo wa kile kikapu, akasugua tena. Katikati ya vidole vyake niliona vipele kama vya Émilie.