Shimo la Kisiwani

Ukitaka kunikera, nianzie hadithi ya dhahabu ya Waitaliano. Miaka ya tisini, kwetu Mbeere, kule chini ya Embu, kila mtu alikuwa nayo mdomoni. Eti wafungwa wa vita, waliochimba barabara enzi za mkoloni, walificha masanduku kwenye kilima kando ya mto Tana. Baadaye bwawa la umeme likajengwa, watu wakahamishwa, maji yakapanda, kilima kikabaki kisiwa. Huko mteremkoni palikuwa na duara la udongo uliotitia, na basi, ushahidi ukawa umepatikana.

Mjomba wangu, kitinda mimba wa nyanya, aliamini kuliko wote. Mvua ilikuwa imetunyima, mtama umekauka shambani, na yeye alitaka kuoa. Akauza fahali wake, akakodi mtumbwi wa wavuvi, akaenda kuchimba. Shimo lilipomfika kiunoni alikuta magogo ya mukau yamelazwa sambamba. Chini ya magogo, mkaa na majivu. Chini ya majivu, magogo tena. Mukau hauliwi na mchwa, ndiyo maana tunaufanya nguzo za ghala. Nani angeutupa shimoni bure?

Mimi nilikuwa kidato cha tatu na ujuaji wangu wote. Nikamwambia ardhi huzama yenyewe, halafu mafuriko huleta magogo. Mama akasema hilo ni tanuri la makaa la watu wa zamani. Jirani akasema ni mtego wa wawindaji.

"Kwa hivyo mafuriko yalipanga magogo kama kitanda?" mjomba akaniuliza. "Wewe soma vitabu vyako, mpwa wangu. Niachie sururu yangu."

Hapo alinipata.

Nyanya hakuwa na maelezo. Alikuwa hali vizuri tangu uchimbaji uanze, tukadhani ni meno. Kisha jioni moja mjomba akarudi na jiwe dogo la kusagia, lile la mkononi, alilolikuta chini ya magogo ya pili. Nyanya alilipokea, akaketi chini mavumbini.

"Hili ni langu," akasema. "Nililitupa mimi mwenyewe. Huko chini kuna dada yako."

Hatukujua kama mjomba alikuwa na dada mwingine zaidi ya mama yangu. Nyanya akatueleza polepole, macho kwenye jiwe. Babu alichimba kisima pale kabla ya bwawa, akakosa maji, akakifunika kwa matawi. Binti yao wa kwanza alimfuata mwanambuzi akatumbukia, na kuta zikamporomokea. Wanaume walichimba hadi ukuta mwingine ulipoanguka na nusura umzike babu, wakaacha. Kila boma la ukoo likaleta gogo la mukau, fisi wasije wakafukua. Wakawasha moto juu ya magogo kuua harufu, wakapanga mengine tena. Kabla ya gogo la kwanza, nyanya alikuwa ametupa shimoni jiwe alilokuwa akimfundishia mtoto kusaga. Wazee wakaamuru asitajwe tena.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na wa pili la mama ya mama. Mama alikuwa na jina la binti wa pili, na siku zote tuliambiwa ni kwa sababu babu alikosana na mama yake. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kikimwita kwa jina hilo na hatukuwahi kuuliza wa kwanza yuko wapi. Inaniuma mpaka leo.

"Nimfunike tena, mama?" mjomba akauliza.

"Umeshafungua. Niletee mtoto wangu nimzike hapa nyumbani."

Mjomba akarudi kisiwani, na safari hii hakuna aliyemtania. Alichimba kwa mikono alipoogopa sururu ingemuumiza dada yake. Halafu mvua tuliyoiombea kanisani ikaja, na ilikuja ile ya El Nino. Bwawa likafura. Maji yakapanda mteremko hadi tukayaona kwa macho yakikaribia mdomo wa shimo. Mwenye mtumbwi akakataa kuvuka. Mjomba akamsukuma, akaingia mtumbwini peke yake na sururu.

Nyanya, aliyekuwa akitembea kwa mkongojo, aliingia majini hadi mapajani akashika ukingo wa mtumbwi.

"Shuka."

"Mama, imebaki kidogo tu nimfikie. Naomba leo tu."

"Nimekwambia shuka. Shimo hilo limeshanila mmoja. Mwache."

Alishuka. Tulisimama mvuani tukitazama maji yakifunika mahali pale, mjomba akilia kwa sauti, na nyanya akimpangusa matope usoni kwa leso yake.