Stefania Anayefundisha Kukataa

Kwenye tawi dogo la kukodisha magari hapa Kilwa Masoko, Stefania hawafundishi wafanyakazi wapya kutabasamu. Hilo, anasema, watu wa pwani wanakuja nalo kutoka nyumbani. Yeye anawafundisha kukataa.

Nimekodi magari katika miji mingi, na kwingi "hapana" imebandikwa ukutani kabla mteja hajafungua mdomo. Hapa shida ni kinyume. Zakia, binti wa Kivinje aliyeanza kazi mwezi huu, hajawahi kumwambia mtu mzima hapana. Wiki iliyopita mteja mmoja mwenye mvi alimwuliza kama gari dogo linafika vilima vya Kipatimu.

"Linafika, baba, bila wasiwasi," akajibu kwa adabu zote.

Gari lililala kwenye tope, likaja kuvutwa na trekta. Bosi akapiga simu kutoka Dar: likinasa tena, binti arudi kwao.

Jambo hilo lilimkosesha Stefania usingizi. Mwenyewe ametoka Newala, amepokea wageni hotelini Dar kwa miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Wote aliowafundisha hapa wameondoka kwenda mjini. Zakia ndiye wa kwanza anayetaka kubaki.

"Adabu usiiache," alimwambia asubuhi ile, mimi nikisubiri gari langu. "Kwani babu yako humtanii?"

"Namtania mpaka anakimbia."

"Haya sasa."

Hazikupita dakika nyingi akaingia Mzee Likwata, mkulima wa Kipatimu, kanzu imepigwa pasi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nipe lile jeupe dogo na dereva wake. Nampeleka bibi yako nyumbani, katoka kufanyiwa operesheni ya macho hospitali."

Zakia akachungulia dirishani. Nje, maji ya mvua ya jana yalikuwa bado yametuama barabarani. Stefania akajifanya anatafuta funguo kwenye droo.

"Babu, likizama matopeni nani atasukuma?"

"Si huyo dereva!"

"Dereva atakuwa kwenye usukani. Kwa hiyo atasukuma mke mwenzangu, na macho yake hayo? Siruhusu. Mume gani wewe?"

Stefania aliacha kutafuta. Mzee akamkazia macho binti, kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Loo! Kumbe nina mke Masoko, tena mkali, na sina habari!"

"Lile kubwa linarudi adhuhuri kutoka Lindi. Hilo linapanda vilima. Hili dogo sikupi, babu."

"Na mpaka adhuhuri mumeo afe njaa?"

"Chai inakuja."

"Na chapati. Mke hapokei mume kwa chai tupu."

Zakia akatoka mbio kwenda kwa mama ntilie wa jirani. Stefania akavuta kiti, akaketi, akashusha pumzi ndefu. Kisha akapiga simu Dar.

"Ndiyo, alitaka kwenda Kipatimu... Hapana, hajapewa dogo. Zakia kamkatalia." Akasikiliza. "Hajakasirika, bosi. Anasubiri chapati."

Alipokata simu alikuwa anacheka huku akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Anabaki," akaniambia. "Kasema abaki."

Zakia alikuwa ameshasimama mlangoni na chupa ya chai. Alisikia. Akamimina chai mpaka ikamwagikia kwenye kisahani, na mzee akamwambia asiogope, ajaze tu.