Mkaguzi Asiyekunywa Chai

Ifahamike kwa wakazi wote kwamba uongozi wa kituo cha kufua umeme, kwa hiari yake na kwa kuguswa na afya za wananchi, umeweka vichujio vipya vya moshi. Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti, na waliokaa mbele walipiga makofi.

Mkaguzi wa hewa tunayemzungumzia ni mama wa watoto watatu, mwembamba, mwenye viatu vya kupandia ngazi ambavyo mumewe huviita gari la familia. Kabla yake, ukaguzi ulikuwa na utaratibu wake. Mgeni alipokelewa getini, akapandishwa ofisini kwa meneja, akamiminiwa chai. Huku nyuma mafundi walipunguza moto wa tanuri. Birika lilipoisha, moshi nao ulikuwa umekonda, na mgeni akaenda kupima akiwa ameshiba. Miaka mingi hewa ilipimwa hivyo, na kila mara ilifaulu.

Mdogo wa mumewe alikuwa fundi wa tanuri hapo. Siku moja kabla ya ukaguzi alikuja nyumbani, hata viatu hakuvua.

"Shemeji, kesho kunywa chai. Kikombe kimoja tu."

"Nina kiungulia."

"Basi kunywa maji, lakini polepole! Kituo kikifungwa, mimi nitakula wapi?"

"Hapa. Tangu lini umekula kwingine?"

Mama mkwe, aliyekuwa akikunja nguo, alidakia bila kuinua uso. "Shuka nazifua, nazianika, nazianua zina masizi. Mwambie bosi wako aje azifue yeye."

"Mama, mimi mwanao!"

"Ndiyo maana nakutuma wewe."

Asubuhi meneja alinyoosha mkono kuelekea ofisini. Mkaguzi alishukuru, akampita, akaishika ngazi ya dohani la kutolea moshi, pampu ya kuvutia hewa mgongoni. Chini, shemeji yake alisubiri kuambiwa kwamba chai imemiminwa. Hakuambiwa. Moto ukabaki ulivyo, na kule juu karatasi ya kunasia vumbi ikatoka nyeusi tii.

"Leo si siku ya kawaida," meneja alimweleza.

"Nakubali," alijibu. "Ni ya kwanza kupimwa."

Kituo kikafungwa kwa amri yake mpaka vichujio vipatikane. Miezi yote hiyo shemeji alikula kwake, akilalamikia chumvi. Kila mkaguzi alipompakulia alimwongezea kipande cha nyama. Kwa mtu wa aina yake, huko ndiko kuomba radhi.

Siku ya sherehe ya kuzindua vichujio shemeji alikuwa amerudi kazini, ovaroli imepigwa pasi, tanuri limewashwa kwa majaribio. Tangazo liliposomwa, alimgusa mwenzake kiwiko, akaonyesha juu ya dohani, ambako mtu mmoja mwembamba alikuwa akichomeka bomba la kupimia.

"Yule ni shemeji yangu," alisema, kwa sauti iliyoshindana na kipaza sauti.

Kibali cha kufungua kituo kilikuwa bado hakijasainiwa. Kilikuwa kikimsubiri ashuke.