Matundu Niliyoyaziba

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Louisville, Marekani, msimamizi alinipa brashi na ndoo ya mafuta mazito ya kuzuia kutu, akaniambia nilale chali chini ya gari kuukuu. "Paka popote chuma kinapoonekana," alisema. Niliogopa. Kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa fundi wa malori kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kuona barabara inayomwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Kwetu chumvi humlinda samaki asioze. Huku ndiyo inayoozesha chuma.

Ninyi vijana, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza gari lilioshwa chini kwa maji ya moto mpaka chumvi yote itoke. Kisha likakauka, tena kabisa, maana ukipaka mafuta juu ya unyevu umeifungia kutu ndani pamoja na chakula chake. Halafu brashi ya waya, ukwangue mpaka mkono ufe ganzi, ndipo upake. Haraka haraka haina baraka, na anayebisha alale yeye chini ya gari.

Nikahamia Columbus kumfuata mwanangu. Fundi mkuu wa gereji moja ya Gahanna, pembeni mwa mji huo, alikuwa mpole, hakunikagua, na hapo ndipo nilipokosea. Mama Furaha wa kanisa letu alileta gari lake la watu saba, zee kweli, ambalo kila alfajiri lilibeba kina mama kwenda kazini ghalani. Nilitaka kumfanyia zaidi ya alivyoomba. Chini ya milango niliona matundu madogo. Kwetu gari likivuka mto, unaziba kila tundu kwa lami na kitambaa. Nikayaziba yote, nikamwonyesha kwa fahari.

"Aksanti, Papa Yoshua. Maji haitaingia tena," alisema.

Baridi mbili zikapita. Nilikuwa mji wa Buffalo sasa, mtaa wa Black Rock, nikifanya kazi kwa mzee mmoja mwenye gereji, mkali kama pilipili. Siku moja alinikuta nikiziba tundu la mlango, akaninyang'anya lami.

"Nani alikufundisha upumbavu huu? Mlango lazima ukojoe! Maji ya chumvi huingia kwa juu, dirishani. Yakikosa pa kutokea yanakula chuma kutoka ndani, na wewe nje unaona rangi nzuri tu."

Nikalikumbuka gari la Mama Furaha. Kwake nilikuwa nimeziba pia matundu ya ukingo ulio chini ya milango; huo ndio unaoishika sakafu, na sakafu ndiyo inayoshika viti na mikanda. Nilimpigia Mama Furaha mara tatu, hakupokea, na akilini nikawaona kina mama wote wamepinduka barabarani. Mara ya nne aliitika.

"Mama, usitembeze tena ile gari. Mi niko na kosa. Matundu nilifunga inaozesha chuma."

Akajibu:

"Bon, papa... mi nilionyeshaka bamama bengine. Donc pale kanisani, parking ya église, karibu bote balifunga. Banasema ni dawa ya Papa Yoshua."

Jumamosi nikapanda basi kwenda Columbus. Jumapili, ibada ilipokwisha, nililala chini ya magari na suti yangu, nikizibua kwa bisibisi tundu moja moja. Mengine yalitoa maji ya kahawia yenye harufu. Kwenye gari la Mama Furaha bisibisi ilizama kwenye chuma mpaka mpini. Gari lile halikurudi tena barabarani, na tulilia wote wawili, ingawa hakunilaumu. Nikauliza kama nimeyamaliza magari yote.

"Iko moja ya rouge, nyekundu, aina kama ya yangu," alisema. "Mwenyewe aliuzisha kwa mutu hatumujue."

Sasa nimestaafu. Mwanangu ananiambia nisahau, nami nimejaribu. Mkiniuliza nilichojifunza, ni hiki: usizibe tundu kabla ya kuuliza nani alilitoboa na kwa nini. Lakini kujifunza hakuniondolei hofu. Theluji ikianguka nakosa raha kabisa. Juzi, nje ya duka, niliona gari jekundu la aina ile, nikapiga magoti kwenye theluji nichungulie chini ya mlango. Mwenye gari alitoka na watoto wake wawili, akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nikamwambia ndiyo.