Walikunywa Madafu, Kisha Wakafyeka

Hadi leo nikimwona mtu amevaa buti za shambani huku anakunywa dafu, nageuza njia.

Shamba letu liko Msambweni, nyuma ya nyumba ya mavyaa, mama wa mume wangu. Ng'ambo ya uzio ndipo watu wa utafiti walipolima mahindi yao, yale waliyoyabadilisha jeni ili yastahimili ukame. Mimi na jeni hatuna ugomvi. Bayolojia niliisoma mpaka kidato cha nne. Barazani walituahidi: nyinyi pandeni kama mlivyozoea, sisi tutapanda mwezi mmoja baadaye, ili mahindi yasichanue pamoja chavua ikachanganyika. Tukawapigia makofi.

Mavyaa huhifadhi mbegu juu ya meko. Masuke yaliyo bora hufungwa mawili mawili kwa maganda yake, yakatundikwa kwenye boriti, moshi ukayalinda na fukusi. Mbegu ile alipewa na mamake alipoolewa: punje nyeupe zenye madoa ya zambarau, na uji wake mwanangu haukatai. Mwaka uliotangulia mvua ilituhadaa, tukapanda, tukarudia, zote zikafa. Masika haya tukatungua jozi ya mwisho. Kila punje tuliyokuwa nayo duniani ilikuwa ardhini.

Yakaota, yakanipita kimo, yakatoa mbelewele, yale maua ya kileleni. Nikatupa jicho ng'ambo ya uzio. Na yao yalikuwa yanachanua.

Asubuhi moja watu wa utafiti wakaja na buti za shambani na mapanga. Mkubwa wao, kijana wa bara, alimwamkia mavyaa shikamoo nzuri, ya kufundishwa. Mavyaa akaitika marahaba, akaniagiza niwakatie wageni madafu. Nikawakatia, mtoto mgongoni. Wakanywa, wakakomba mpaka nyama ya ndani. Ndipo akasema:

"Mama, hiyo mahindi yenu itabidi tutoe."

"Mlisema mtangoja," nikamwambia.

"Madam, plani ilibadilika. Kuna wageni wanakuja kuona, ikabidi tupande mapema. Chavua yenu ikiingia kwetu, kazi yote imeharibika."

"Na yetu ikiharibika?"

"Si mtapewa mbegu ingine? Hii kazi ni ya kusaidia watoto kama huyo wako."

Akamnyooshea mwanangu kidole kilicholowa maji ya dafu letu.

Nikamtazama mavyaa, aseme neno. Alikuwa anaokota maganda ya madafu. "Mgeni hafokewi, mwanangu," akaninong'oneza. "Na hawa wameshakunywa kwetu." Nikaichukia adabu ile kuliko mapanga yenyewe. Walifyeka mahindi mstari kwa mstari, wakayaburuta hadi kwenye shimo walilochimba, wakayamwagia mafuta ya taa na kuyachoma mabichi. Harufu ilikaa kwenye nguo zangu. Hao wageni wao walipokuja walipiga picha ng'ambo ya uzio, wakicheka, wakaenda zao hotelini Diani.

Baadaye tukaletewa pakiti ya mbegu. Punje za rangi ya waridi, zimepakwa sumu ya wadudu. Pakiti imeandikwa kabisa: isiwekwe karibu na chakula. Mavyaa hakusomeshwa. Jioni nikamkuta ameshaitundika juu ya meko, kwenye kamba ileile ya mbegu za mamake. Kwake yeye mbegu haina mahali pengine. Plastiki ilikuwa imejikunja kwa joto, imepasuka pembeni, na vumbi la waridi linadondokea sufuria ya uji wa mwanangu.

Nikaumwaga uji. Pakiti nikaitungua, nikaenda nayo chooni nikaitupa. Nilipotoka, mavyaa alikuwa amesimama mlangoni.

"Wao wamekata," akasema. "Wewe umetupa. Haya, tutapanda nini?"

Vuli imeingia, majirani wako mashambani. Kwetu kamba imebaki kwenye boriti, nyeusi kwa masizi, na moshi wapita pale bure.