Mashine Huitwa Kwenye Simu

Germana, muuza chai wa mlango wa pili pale Makambako, hajawahi kumsikia jirani yake muuza mashine za mtumba akigombana na mteja. Muuzaji huyo huuza mtandaoni drili na grenda; wateja wakimpigia kumtukana, husubiri waishiwe pumzi, kisha huwasalimia kwa Kibena, "Kamwene. Hebu iwashe, weka simu karibu," akafumba macho, kidole gumba kikisugua kovu la kiganjani.

Leo fundi wa Tandala alifoka kwamba kauziwa grenda mbovu. Muuzaji akaisikiliza mpaka chai yake ikapoa.

"Hiyo siyo niliyokutumia."

Germana akaacha birika, akasogea: leo patachimbika!

"Ila inaumwa kweli, fundi. Ipakie kwenye basi, nitaiangalia. Sasa iwashe na ile yangu, niisalimie."